Jirani Aliyekubeba Mgongoni

Akiru wangu,

Sweta yako ya kijani iko kwenye mfuko wa Koko, dawa ya kikohozi iko kwa baba yako, na habari za kunywa maji na kulala mapema nimeshawaambia wote wawili mpaka wamechoka kunisikia. Hayo sitayaandika hapa. Barua hii si ya kesho. Ni ya siku utakayoweza kusoma Kiswahili peke yako bila mtu kukusimamia, na sijui itakuwa lini, wala sijui kama huko mnakokwenda kuna atakayekufundisha kukisoma. Nimemwomba baba yako aitunze. Amesema ataiweka pamoja na makaratasi yake ya safari. Kwa mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi, hakuna mahali pa heshima zaidi ya hapo.

Sasa ni saa tisa mchana. Umelala kwenye mkeka karibu na mlango wa nyumba ya mama yangu hapa Kakuma mjini. Wewe unamwita Ata, kama watoto wa Kiturkana wanavyowaita bibi zao. Jasho limekutoka puani. Kesho asubuhi basi litakuchukua wewe, baba yako Bahati, na mama yake, ambaye kama watoto wa kwao Kongo unamwita Koko, liwapeleke uwanja wa ndege. Mimi nitarudi shuleni Lodwar, kidato cha nne. Nina miaka kumi na tisa. Najua barua za namna hii huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina hata moja, na niliyoyaona ni machache. Lakini nimekosea mara za kutosha kujaza kurasa hizi, na nimechoka, kwa hiyo naandika.

Nianze na vidole vyangu, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia.

Nilikuwa na miaka minane tulipofika Kakuma kutoka upande wa Kaaleng. Baba yangu alikuwa amefariki, na mbuzi wake wakafa mmoja mmoja kwa ukame mpaka Ata akabaki na mimi na sufuria mbili. Akaanza kazi ya kuni, ambayo anaifanya mpaka leo. Anakata kuni mbali, anazibeba kichwani mpaka kambini, anawauzia wakimbizi, nao wanampa unga au maharage waliyogawiwa. Mteja wake mmoja alikuwa mama mrefu, mpole, kutoka Sudan Kusini. Siku moja alimwona Ata akinipa mimi uji, yeye mwenyewe akilamba mwiko. Akamwambia, "Siku ya kuandikisha watu niletee huyu msichana. Nitasema ni wangu."

Watu wetu wengi walifanya hivyo wakati ule wa njaa. Hakuna aliyeona ni uhalifu. Kambi ilikuwa imekaa kwenye ardhi yetu, malori ya chakula yalipita mbele ya milango yetu na kututimulia vumbi, na kuingia kwenye foleni kulionekana kama kwenda kuomba kaa la moto nyumba ya pili. Nakumbuka kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Mtu alishika vidole vyangu, akavibonyeza kimoja kimoja mpaka vikaisha vyote kumi. Nikapewa jina ambalo sikuweza kulitamka. Tulipotoka nilimwuliza Ata kama ile mashine itatujua. Alicheka.

"Itajuaje? Vidole vina mdomo?"

Kumbe vinao. Vilikaa kimya miaka kumi, halafu vikasema.

Habari yangu na baba yako nitaisema kwa kifupi, maana naona haya hata kuiandikia karatasi. Tulikuwa tukisoma meza moja kwenye chumba cha vitabu, shule moja hapa Kakuma. Yeye alikuwa mpole, mimi nilikuwa mpole, na kamusi ilikuwa moja. Tulikuwa watoto wawili waliodhani kusoma vitabu ni sawa na kuwa na akili. Nilipojua kwamba upo, sikumwambia mtu kwa miezi mitano. Hilo ndilo kosa la kwanza lililokuwa langu kweli, kunyamaza. Ukiendelea kusoma utaona kwamba makosa yangu yote ni hilo hilo, limebadilisha nguo tu.

Ata alipojua, hakunipiga. Alikaa chini, akavua viatu vyake, akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipeleka kwa dada yake Moroto, ng'ambo ya Uganda, ili watu wa hapa wasinione nikivimba. Kwa ndugu zetu mpaka ule ni mlima na kambi za askari tu. Wanauvuka na mifugo kila mwaka. Sikufikiri kwamba nilikuwa nakwenda kukuzalia nchi ya watu. Ulizaliwa asubuhi mvua ikinyesha, ndiyo maana Ata alikuita Akiru. Muuguzi alijaza kadi. Jina la mama akaandika, Akai. Akauliza, "Uraia wa mama?" Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimechoka na nilimwogopa, nikageukia ukutani. Akaingojea sauti yangu kidogo, halafu akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nafasi ile ikabaki nyeupe. Ninayo kadi hiyo hapa.

Tuliporudi Kakuma ulikuwa na miezi minne. Baba yako alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta kazi. Aliyekuja ni Koko, kwa miguu kutoka kambini, saa sita mchana, jua kali, na kitenge kipya cha kukubebea. Ata hakumkaribisha hata maji.

"Mifugo ya msichana yangu iko wapi?" akamwuliza, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni.

"Ngombe sina, mama," Koko akasema. "Niko na mikono, basi. Mutoto nitamulea. Huyu wako arudie masomo."

"Kama hakuna mifugo, mtoto ni ya nyumba ya baba yake Akai. Wewe unashika tu. Umesikia? Unashika tu."

"Nimesikia. Nashika tu."

Ndivyo ilivyo kwa desturi yetu. Mwanamume asipoleta mifugo, mtoto hubaki upande wa mama. Wazee wetu hawakuhitaji Bunge kuliona hilo. Nililijua siku ile, lakini sikulitilia maanani, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye neno moja la Koko: masomo.

Sasa nakuja kwenye siku ambayo nimeiandika na kuichana mara tatu leo.

Koko alitaka uandikishwe kwenye kadi yake ya chakula. Mama wawili wa kule kwao walikuwa wamemwambia kwamba watu wa ofisi wakijua mama ni Mkenya, watakukataa. Kwa hiyo tulipokuwa njiani akanionya: nisiseme kitu, nikubebe tu, maana ulikuwa na homa na mgongoni kwangu ndipo uliponyamaza. Tulisimama kwenye foleni mpaka mchana. Karani alikuwa kijana, macho mekundu kwa vumbi.

"Mama ya mtoto?"

"Alikufa," Koko akasema haraka. "Wakati wa kuzala."

"Mkongo?"

"Mukongo."

Karani akaandika. Kisha akainua macho. "Na huyu aliyembeba?"

Koko akanitazama. Ulikuwa umelala, mate yako yakinilowesha shingo.

"Mimi ni jirani," nikasema.

Akiru, hakuna aliyenifundisha neno hilo. Koko aliniambia ninyamaze tu. Ningeweza kukohoa, ningeweza kuanguka, ningeweza kutoka nje. Neno nililitafuta mwenyewe, nikalipata, na lilikuwa dogo na jepesi, nikaliweka mezani mbele ya yule karani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuwajibu watu wa ofisi bila kuulizwa mara mbili.

Tulipotoka Koko alininunulia chai. "Umesema vizuri," akasema. Na mimi, sitakuficha, nilijisikia mwepesi. Wiki iliyofuata nikapata nafasi shuleni Lodwar. Koko akakulea, na alikulea vizuri. Hata siku nikiwa na hasira naye sitaacha kusema hivyo. Lakini kwa kuwa watu wa ofisi huzunguka na kuuliza maswali, nyumbani kwake walianza kuniita kama nilivyojiita. Nikija likizo, Koko alikuwa akisema mlangoni, "Jirani amefika! Salimia jirani." Ukajifunza kuongea. Neno lako la kwanza lilikuwa maji. La pili au la tatu lilikuwa hilo.

Shuleni nilijificha maktabani kama kawaida yangu. Kuna nakala mbili za Katiba pale. Ya Kiingereza imechanikachanika. Ya Kiswahili ni safi kabisa, kwa sababu hakuna anayeifungua. Niliifungua kwa ajili ya zoezi la historia, nikakuta sehemu ya uraia. Inasema mtu ni raia wa kuzaliwa kama siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje ya Kenya. Niliisoma mara nyingi sana. Mwalimu wetu wa historia akatuambia kwamba zamani haikuwa hivyo. "Zamani mama Mkenya akizalia nje, mtoto alimfuata baba," akasema. "Mama alikuwa kama barabara tu. Mtoto amepita, basi." Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu kwa nguvu mpaka wino ukanivujia.

Nilitaka kuinua mkono niulize: je, kama mama ameandikwa kwamba alikufa? Sikuuinua.

Lakini kwa wiki nzima nilikuwa na furaha. Nilijiambia kwamba nafasi ile nyeupe kwenye kadi ya Moroto haikuwa na shida; nikipata kitambulisho changu nitaijaza mwenyewe. Nikangoja nifike miaka kumi na minane kama watu wanavyongoja mvua.

Nilipofika umri huo nilikwenda kwa chifu. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye benchi kututhibitisha, mmoja mmoja, kabla ya fomu kupokewa. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akaniuliza baba yangu ni nani, nikajibu. Akanipa kijiti. "Chora emachar ya baba yako."

Emachar ni alama wanayochomwa mifugo ya ukoo, na ukoo wenyewe huitwa hivyo. Kila mtoto wa mchungaji anaijua kabla ya kujua jina lake. Mimi sikuijua. Mbuzi wa baba walikufa nikiwa mdogo, na tangu hapo nilikuwa nimesoma kila kitu kilichoandikwa isipokuwa ngozi ya mbuzi. Nikasimama na kijiti mkononi. Kwa hofu nikaanza kuwasomea kifungu cha Katiba, chote, bila kukosea.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti, ili foleni yote isikie, "Msichana, hiyo Katiba yako iko na mbuzi ngapi?"

Walicheka mpaka chifu akatoka ndani kuangalia. Nilirudi nyumbani nikilia. Ata aliponiuliza nikamwambia, naye hakucheka. Alichukua ukuni kutoka kwenye mzigo wake, akachora pale pale mchangani, haraka, kama mtu anayeandika jina lake. Huyu mwanamke ambaye nilikuwa namwonea aibu kwa sababu hajui herufi. Nikarudi siku ya pili, nikachora, yule mzee akasema, "Ejok, vizuri. Mtoto yetu." Fomu ikapokewa.

Kisha wakachukua alama za vidole. Baada ya miezi kadhaa nikaitwa.

"Wewe ni mkimbizi wa Sudan Kusini," afisa akaniambia.

"Mimi ni Mturkana."

"Mashine inasema hapana." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu ambaye ameshayasema maneno hayo asubuhi ile kwa watu wengine wanne. Akanieleza kwamba kuna wengi kama mimi, kwamba kuna utaratibu wa kuwatoa kwenye orodha ya wakimbizi, kwamba nijaze fomu nyingine nisubiri. Bado nasubiri.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa: Mkenya asiyeweza kuthibitisha, na mama aliyekufa.

Mwaka jana safari ya Koko ya kuhamishiwa nchi za mbali ikaiva. Walikuwa wameingoja tangu baba yako akiwa mdogo. Bahati akarudi kutoka Nairobi, amekonda, ana adabu zaidi. Alinyoa watu kwenye kibanda kambini mchana kutwa, na jioni alikubeba mabegani. Nilimwona. Siku moja Koko akaniita jikoni kwake.

"Wanakuja kutuuliza maswali ya mwisho," akasema. "Akai, usiharibu safari ya batu."

"Sijasema kitu, Koko."

"Njo vile. Usiseme."

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nikisema ukweli, ungeweza kuondolewa kwenye safari, ubaki kwenye vumbi hili na msichana asiye na kitambulisho wala kazi. Nikinyamaza, ungeondoka ukiwa mtoto wa mwanamke wa Kikongo aliyekufa, na hakuna karatasi hata moja duniani ingekurudisha kwangu. Siku moja ungekuja kuulizia, wangekwambia hakuna mtu kama huyo. Na wangekuwa wanasema kweli kwa mujibu wa faili.

Nilimwambia Ata. Alikuwa akifunga mzigo wa kuni. Aliendelea kufunga. Mwishowe akasema, "Mimi ndiye nilipeleka vidole vyako kule. Kwa unga."

"Nilikuwa na njaa, mama. Ulifanya vizuri."

"Nilifanya vizuri na nilifanya vibaya. Twende. Na mimi nataka kusema yangu."

Tukaenda ofisi ya wakimbizi kambini. Afisa alikuwa mwanamke mwenye miwani. Alianza kwa Kiingereza, nami nikajibu kwa Kiswahili ili Ata asikie. Nikamwambia yote kuanzia neno jirani. Ata akasema yake, ya yule mama wa Sudan Kusini na kioo cha kijani. Nikatoa kadi ya Moroto yenye jina langu na ile nafasi nyeupe. Ata akaichukua kadi amwonyeshe mwenyewe, akaishika juu chini.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" yule afisa akauliza.

"Niliona aibu."

"Aibu ya kuzaa?"

"Hapana. Ya kuongea."

Akaweka kalamu chini, akanitazama. Halafu akaichukua tena akaandika, muda mrefu.

Safari ilisimamishwa miezi minane. Koko hakunisemesha. Nilipofika kwake alikuwa anakutoa nje, anafunga mlango, tunakaa wawili kivulini mwa ukuta kama wageni. Siku moja tu alisema, kutoka ndani, "Umetuuwa sisi wote." Baba yako alinikuta kwenye laga, pale mto unapopita mvua ikinyesha, akakaa mbali kidogo.

"Ungeniambia kwanza," akasema.

"Ungekuwepo."

Akaokota kokoto, akalitupa mchangani. Yeye pia ni wa kunyamaza. Utakuwa umerithi pande zote mbili, pole. Lakini baadaye alikwenda ofisini mwenyewe akasema ndiyo, yote ni kweli, huyu ndiye mama.

Mwezi uliopita tukaitwa. Afisa akatueleza kwamba wewe ni mtoto wa mkimbizi na ni mtoto wa Mkenya, na kimoja hakifuti kingine. Unaweza kwenda na baba yako kama mama yako, aliye hai, atakubali. Aliniuliza mara tatu kama nakubali, na mara zote tatu nilisema ndiyo kwa sauti. Wakaleta fomu mpya. Imeandikwa: mama, yuko hai. Uraia, Mkenya, uthibitisho unasubiriwa. Kisha wakataka nibonyeze kidole gumba. Nilicheka, na nikashindwa kuwaeleza kwa nini.

Watakuambia kwamba nilikuruhusu uende ili upate maisha mazuri. Ni kweli, lakini si kweli yote, na barua hii haina maana kama nitakuachia nusu. Nilikuruhusu kwa sababu ukiamka na ndoto mbaya unamlilia Koko, si mimi. Nilikuruhusu kwa sababu baba yako amerudi na anakupenda. Na nilikuruhusu kwa sababu kuna sehemu yangu inayotaka kumaliza shule bila mtoto mgongoni. Sehemu hiyo ilikuwepo siku ile mbele ya karani, na bado ipo. Nimeitazama vizuri. Si kubwa kama nilivyoogopa, lakini ipo, na kama siku moja utanikasirikia, nataka unikasirikie kwa kitu halisi.

Sijui kama nimefanya vizuri. Ningependa kukuandikia kwamba najua.

Machache niliyojifunza nakuachia. Sikuambii uwe msemaji. Kama umezaliwa mpole, kaa mpole, vitabu vinahitaji watu wa namna hiyo. Lakini ukiulizwa wewe ni nani, usitafute neno dogo la kujifichia. Tafuta la kweli hata kama litatoka kwa kukwama. Na ile sehemu ya uraia uisome mwenyewe, usisubiri kuhadithiwa. Sheria iliyonifungulia mimi mlango ilibadilishwa na watu, na watu wanaweza kuibadilisha tena. Mwalimu anasema Bunge limepewa nafasi ya kuweka kikomo kwa vizazi vinavyoendelea kuzaliwa nje. Kwa hiyo kama wewe nawe utazalia huko, uliza mapema, na muuguzi akikuuliza uraia usigeukie ukutani. Naona kichekesho kukuandikia hivi. Una miaka mitatu kasoro mwezi, na umelala na kidole mdomoni. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane mashine iliponishika.

Jambo la mwisho. Nimeuliza kama uthibitisho wangu utakuwa tayari kabla ya kesho. Hautakuwa. Huenda ukaja mwaka huu, huenda ukachelewa. Nikiupata nitakutumia nakala. Usipoupata, usidhani niliacha kuufuata.

Lakini kuna uthibitisho mwingine ambao hausubiri ofisi. Nimekuchorea mwishoni mwa ukurasa huu kwa kalamu nyekundu, na Ata amesimama nyuma yangu akinisahihisha, kwa sababu mara ya kwanza niliukosea. Ni mstari mrefu, kutoka bega la kulia la mnyama mpaka nyonga. Juu yake nusu duara, kama mwezi uliolala chali. Chini yake vistari viwili vifupi, havigusi. Hiyo ndiyo emachar ya baba yangu. Kwa kuwa mifugo haikuletwa, ni yangu, na kwa kuwa ni yangu, ni yako. Haina mbuzi hata mmoja sasa. Ata anasema haijalishi, alama haifi na mbuzi. Ukirudi, na mashine ikavikataa vidole vyako kama ilivyokataa vyangu, toka nje ya ofisi, tafuta kijiti, uliza walipo watu wa Kaaleng. Chora mbele yao. Watakuuliza nani alikufundisha.

Leo asubuhi Koko alikuja kukuacha hapa tushinde pamoja. Ni mara ya kwanza ameingia ndani tangu safari isimamishwe. Ata alimpa maji. Koko akanywa, akakuvuta mbele yangu, akakwambia, "Huyu hapana jirani. Huyu mama yako. Sema mama." Ukamtazama kana kwamba amechanganyikiwa. Ukanitazama mimi. Ukacheka, ukakimbilia kuku wa Ata. Koko akainamisha kichwa. Nikamwambia haidhuru, kwenye karatasi wameshaandika.

Ningeendelea, lakini kalamu inaisha na wewe unageuka kwenye mkeka. Umefumbua macho, unatafuta watu. Unaniita.

"Jirani!"

Nakuja, mwanangu. Nakuja.